Swali Lililoulizwa Darini

"Sitengenezi," alisema Jeilani, na hata uso hakuuinua.

Swafiya alisimama mlangoni pa duka lile dogo la Langoni, mikono miwili imekumbatia miksa ya muziki iliyofungwa kwenye leso, jasho linamchuruzika chini ya buibui. Alikuwa ametoka Mkomani kwa miguu, amepishana na punda watatu waliobeba mchanga katika vichochoro vyembamba, kila mara anajibana ukutani na kuikinga ile miksa kama mtoto mgonjwa. Halafu anafika, salamu yake inaitikiwa nusu, anaambiwa sitengenezi!

"Hutengenezi nini?"

"Hicho ulichobeba. Tafuta fundi mwingine."

"Fundi mwingine yupi? Au Amu wameshuka mafundi leo asubuhi mimi sina habari?"

"Basi mpelekee mumeo akutengenezee."

Swafiya alicheka, na kicheko chenyewe hakikuwa na furaha hata chembe. "Mume? Mume gani, we Jeilani? Umeamkia upande gani leo?"

Jeilani aliendelea kukaza skrubu ya redio ya mtu mpaka plastiki ikalia. Swafiya naye hakuzaliwa kubembeleza mafundi. Aliingia hatua mbili, akaitua miksa juu ya meza katikati ya nyaya na simu zilizofunuliwa matumbo, akaifungua leso, kisha akarudi kusimama pale pale mlangoni, mbele ya macho ya wapita njia, asije akapatikana wa kusema kwamba binti ya Bwana Shuaib alijifungia na mwanamume.

"Feda ya chaneli ya pili," alisema. "Hii ya kusukuma juu na chini. Nikiipandisha inakwaruza. Ikifika katikati, sauti inakatika upande mmoja, halafu inarudi kwa kishindo watu wanaruka. Kesho nina shughuli ya harusi ya Ibtihal kule Shela, wanawake mia mbili, na sitaki sauti ikatike bibi harusi akiwa ndiyo kwanza anaingia. Utaitengeneza au huitengenezi?"

"Nitaitengeneza," Jeilani alisema, meno yameumana. "Nikumalizie, uende zako, na hapa usirudi tena."

Maneno hayo yalimchoma Swafiya mpaka ndani, lakini hakumwonyesha. Alikunja mikono kifuani akatazama nje.

Sasa, asiyeijua kazi ya Swafiya ataona ajabu mtoto wa nyumba ya heshima kuwa DJ. Lakini harusi za wanawake wa Amu, yaani Lamu, haziingiwi na mwanamume, hata awe fundi wa taa. Buibui zinavuliwa, nywele zinafunuliwa, watu wanacheza mpaka viatu vinapotea, na simu zinaachwa mlangoni. Anayepiga muziki lazima awe mwanamke, na kuanzia Shela hadi Matondoni mwanamke huyo alikuwa Swafiya. Babake alimruhusu kwa shingo upande, baada ya shangazi yake Zamzam kumsimamia mwezi mzima.

Na vyombo vya muziki haviishi kuharibika. Leo spika, kesho waya. Fundi alikuwa mmoja, kijana wa Pate aliyevuka kutoka Mtangawanda na sanduku la bisibisi, akapanga kibanda hiki. Mapenzi yao yalianzia juu ya meza hii hii, kwa spika iliyopasuka, na yakakua kwa vitu ambavyo, wallahi, vingine havikuwa vimeharibika hata kidogo. Swafiya alimpenda. Alipenda vidole vyake virefu, alipenda anavyoinamisha kichwa akisikiliza mashine, alipenda anavyomtazama mara moja tu na kuyarudisha macho kazini kana kwamba ameiba. Jeilani alikuwa ameahidi kuleta wazee wa posa baada ya Idi ya Ramadhani. Idi ikapita. Ukapita mwezi wa mfunguo mosi, ukapita mfunguo pili, na sasa mfunguo tatu unakwisha na mzee hata mmoja hajagonga mlango wa Bwana Shuaib.

Kwa hiyo kama kuna mtu aliyestahili kununa asubuhi hiyo, alikuwa Swafiya. Lakini aliyenuna ni fundi!

Jeilani aling'oa vifuniko vya vitufe kimoja kimoja, akafungua skrubu za bamba la juu, akazimwaga kwenye kifuniko cha chupa. Aliinyofoa ile feda, kijibati chembamba kisichozidi urefu wa kidole, akaipasua pande mbili kwa ncha ya kisu. Mara akasita. Akaisogeza puani.

"Nani anayeifukiza hii miksa?"

"Shangazi. Kabla ya kila shughuli. Watu wana hasad, wewe hujui."

"Udi wa kupikwa na sukari?"

"Kwani kuna udi mwingine?"

"Basi tazama hasad yenu." Alimwelekezea kile kijibati kwenye mwanga. Ndani, kwenye ule mstari mweusi ambapo kijidole cha chuma hupita, kulikuwa na gundi ya rangi ya lami, imeganda. "Moshi wa sukari umeingia humu umeota utandu. Shangazi yako anafukiza chombo cha umeme kama anafukiza kanzu! Mara ngapi nimekwambia funika kwa plastiki? Lakini wewe husikii."

"Mimi nasikia ninachoambiwa," Swafiya alisema, na sauti ikaanza kupanda. "Balaa ni kwamba siambiwi kitu. Tangu Idi nimetega masikio nisikie hodi. Kila mashua ikitoka Mtangawanda najiambia leo wamo. Nimesikia nini, Jeilani? Niambie. Nimesikia nini mpaka leo?"

"Umesikia jana."

"Nimesikia nini jana?"

"Uliulizwa, na ukajibu." Alichovya pamba kwenye spiriti akaanza kusugua kwa nguvu zisizolingana na kitu chembamba kama kile. "Hongera. Abubakr ni mtu mzuri. Ana nyumba mbili Mkomani na ya tatu anaikodisha wageni Shela. Utakaa raha mustarehe."

Swafiya alimkodolea macho. Alimjua Abubakr, mtoto wa Bi Hadia, kwa kumwona tu. Mtu mpole, ndevu zimechongwa, salamu zake za adabu. Zaidi ya hapo hakuwa na habari naye kuliko alivyokuwa na habari na mkuu wa bandari.

"Abubakr ameingiaje hapa?"

"Usinifanye mjinga!" Jeilani aliitupa pamba. Kwa mara ya kwanza aliinua uso, na macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu ambaye hakulala. "Nilikuwepo msikitini jana, Magharibi. Nilikuwa safu ya pili, nyuma ya baba yako. Baada ya swala wazee wa kina Abubakr wakakaa naye, wakamwuliza amefikia wapi. Akasema, nimemwuliza mwanangu mwenyewe, kwa kinywa changu, akanyamaza. Wote wakasema alhamdulillahi. Ikasomwa Fatiha. Na mimi nikaisoma, Swafiya. Nilinyanyua mikono nikaisoma, kwa sababu watu walikuwa wananitazama."

Huko nje mtu alipita na mkokoteni, magurudumu yakalia juu ya mawe. Swafiya aliyasikia kwa mbali.

Kwao, mwanamwali akiulizwa habari ya mume hatarajiwi kusema ndiyo. Haya zinamzuia. Asiyetaka husema sitaki. Akinyamaza, ameridhia, na kunyamaza kwake kunatosha mbele ya wazee na mbele ya sheria. Kila msichana wa Amu analijua hilo kabla hajajua kusuka.

"Hakuna aliyeniuliza," alisema polepole.

"Baba yako anasema uongo msikitini?"

"Sijasema hivyo. Nasema sikuulizwa. Lini? Wapi?"

"Darini kwenu. Jana baada ya Alasiri. Alieleza kila kitu, alivyopanda ngazi, alivyokukuta umekaa."

Ndipo Swafiya alipoelewa, akashika fremu ya mlango. Jana baada ya Alasiri alikuwa darini, ndiyo, juu kabisa ya nyumba, chini ya kibanda cha makuti, ameipa ngazi mgongo, miksa mapajani. Alikuwa anaitafuta ile kwaruzo, anaipandisha feda na kuishusha, macho ameyafumba ili asikie vizuri inaanzia wapi. Na masikioni alikuwa amevaa hedifoni, zile kubwa zinazoziba sikio lote, na juu yake amejitanda mtandio kwa sababu ya jua. Kwa nyuma haonekani kitu ila kichwa cha mwanamke aliyejitanda, ameinama. Alipofumbua macho alimwona baba yake akishuka ngazi, kisogo tu. Alidhani amekwenda kutazama tangi la maji.

Na asubuhi hii Bi Ruba wa nyumba ya pili alimshika shavu akamwombea, "Mungu akutimizie, mwanangu," naye akaitikia amina, akidhani anaombewa shughuli ya Shela!

"Nilikuwa nimevaa hedifoni," alisema.

"Nini?"

"Hedifoni, Jeilani! Nilikuwa naisikiliza feda yako hiyo! Sikumsikia. Hakuja mbele yangu, hakunigusa bega, alisimama nyuma akaongea na mtandio wangu akaondoka zake!"

Jeilani alibaki mdomo wazi. Swafiya hakungoja aufunge. Hasira zilikuwa zimempanda sasa, na hazikujua pa kuangukia. Zilimwendea babake, zikamrudia mwenyewe, zikamwendea Shangazi Zamzam aliyekwenda Mombasa kutibiwa macho na kumwachia mzee kazi ya kuuliza maswali ya kike. Mwisho zikamkuta fundi aliyekaa mbele yake, zikatulia hapo.

"Na wewe ukaamini."

"Ningefanyaje? Bwana Shuaib hasemi..."

"Ukaamini! Wewe wanijua. Mimi ni mwanamke wa kunyamaza? Mwaka mzima huu umewahi kuniona nimenyamaza dakika tano? Nikiwa na homa mimi nanyamaza? Ulipoambiwa Swafiya kanyamaza, kitu cha kwanza kukuingia kichwani kingekuwa huyu binti amekufa!"

Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na kikapu alipunguza mwendo. Swafiya alimwona, na hakujali.

"Nilidhani umechoka kuningoja," alisema Jeilani.

"Nimechoka! Nimechoka sana! Lakini mtu akichoka kungoja hupiga kelele, haolewi na mwingine kimyakimya. Ungekuja wewe na wazee wako baada ya Idi kama ulivyosema, swali hilo lingekuwa lako. Sasa umeketi hapa unaninunia mimi, na aliyechelewa ni nani?"

"Baba yangu alikataa kuja. Mara tatu nimevuka kwenda Pate kumwomba. Anasema watu wa nyumba za mawe hawawapi mabinti watu wetu, watatukalisha, watatupa kahawa, watatucheka tukiondoka."

"Na wewe ukakubali."

"Sikukubali. Nilikuwa natafuta njia."

"Miezi mitatu unatafuta njia! Kutoka hapa mpaka kwetu ni mwendo wa kumaliza kashata moja!"

Jeilani alifungua kinywa kujibu, lakini macho yake yakavuka bega la Swafiya yakasimama. Rangi ikamtoka usoni.

"Assalam aleikum," ilisema sauti nyuma.

Bwana Shuaib alikuwa na kanzu yake nyeupe na kofia ya vito iliyotariziwa, mkono kwenye bakora, pumzi zinamwenda mbio. Kuna mtu, na Amu huyo mtu hakosekani, aliyekuwa amekwenda kumwambia kwamba mchumba wa Abubakr amesimama Langoni anagombana na fundi wa redio. Nyuma yake walikuwa wamekwisha kusimama watu wanne waliojifanya wanapumzika.

"Swafiya. Twende nyumbani."

"Baba, ngoja..."

"Ndia hii ina mato, mwanangu, watu wanatutazama. Mke wa mtu hasimami sokoni akapiga kelele. Chukua kitu chako twende."

"Mimi si mke wa mtu."

Alilisema kwa sauti iliyowafikia wale wanne na wengine waliokuwa wanakuja. Bakora ya Bwana Shuaib iligonga jiwe mara moja.

"Yana, baada ya Alasiri, nalikuuliza," alisema mzee, na sauti yake ilikuwa ya chini, ya kuogopesha kuliko kelele. "Nalipanda darini, na goti hili, nikakuuliza mwenyewe kwa sababu mamako hayupo duniani na shangazi yako hayupo mjini. Unadhani ilikuwa rahisi kwangu? Nikakuuliza, ukanyamaza. Nikatoa neno langu msikitini. Leo wanitia aibu mbele za watu?"

"Sikukusikia, Baba."

"Nilikuwa nyuma yako, hatua mbili!"

Swafiya aliona kheri amwonyeshe. Aliingia dukani, akazichomoa hedifoni kutoka kwenye leso aliyozifungia pamoja na miksa, akazichomeka kwenye simu yake, akafungua muziki kwa sauti ile aliyozoea kazini. Alizivaa, akajitanda mtandio juu yake, kisha akamgeuzia babake mgongo na kuinamisha kichwa kama alivyokuwa ameinama jana.

"Niulize sasa!" alisema, kwa kelele za mtu asiyejisikia. "Niulize chochote!"

Ngoma zilimjaa masikioni. Mbele yake alimwona Jeilani peke yake, nyuma ya meza, ameshika nusu ya ile feda. Jeilani alikuwa anamtazama mzee. Mara aliinamisha macho, kama mtu aliyesikia jambo lisilomhusu, akajifuta uso kwa kiganja. Swafiya alihesabu moyoni mpaka ishirini. Hakujua nyuma yake kunasemwa nini. Hakujua kama kunasemwa kitu. Alipozivua na kugeuka, babake alikuwa amekaa kwenye baraza ya nyumba iliyo karibu na duka, bakora mapajani, na wale watu wanne walikuwa wakitazama chini.

Hakuna aliyemweleza Swafiya kile babake alichosema nyuma yake, naye hakuthubutu kuuliza.

"Fatiha imesomwa," alisema Bwana Shuaib hatimaye, kama anajisemea.

"Najua. Na Abubakr ni mtu mwema, sina kasoro ya kumtoa. Lakini simtaki, Baba. Ninalisema kwa kinywa changu, wazi, wasikie na hawa waliokuja kusikiliza. Simtaki."

"Wamtaka nani?"

Hapo ulimi ulimsaliti. Macho yalimsaliti zaidi, kwa maana kabla hajayazuia yalikuwa yamekwenda pale mezani, na babake akayafuata.

"Huyu?" Mzee aliinuka. "Mtu wa Pate huyu? Hana hata ukuta wake mwenyewe hapa! Watu wake nawajua mimi? Babake amewahi kukanyaga kwangu?" Alisogea mpaka mlangoni, akamtazama Jeilani kutoka utosini mpaka kwenye kandambili. "Wewe kijana. Una neno na mwanangu?"

Jeilani alisimama. Kinywa kilifunguka, kikafungika. Saa nzima alikuwa akirusha maneno ya kuunguza, na sasa lilipotakiwa neno moja hakuwa nalo. Hasira za Swafiya, zilizokuwa zimeanza kupoa, zikawaka upya, tena kwa moto mwingine wenye machozi ndani yake.

"Sema!" alimpigia kelele. "Ya kunyamaza ni ya wanawali. Wewe mwanamwali?"

Mtu mmoja nje alicheka, akazibwa mdomo.

"Namtaka," alisema Jeilani. Sauti ilimtoka kavu. "Namtaka mwanao, Bwana Shuaib. Tangu mwaka jana. Nimepita mlangoni kwako mara ngapi sijui, nanyanyua mkono nigonge, nauteremsha. Nilisingizia baba yangu. Ni kweli hataki kuja, lakini hata angetaka, mimi mwenyewe niliogopa. Niliona afadhali nisije kuliko nije nirudishwe. Jana niliponyanyua mikono ile Fatiha nikajua nimefanya nini. Sikulala."

"Na bado naweza kukurudisha."

"Naam. Waweza."

"Uje Ijumaa baada ya swala. Uje na mzee, awe baba yako, awe ami yako, awe imamu wa kwenu, mmoja atosha. Kijana hajiposei mwenyewe dukani kama anauza betri." Mzee akatafuta pumzi. "Kahawa utapewa. Sikuahidi zaidi ya kahawa."

"Mimi pia sijakuahidi kitu," alisema Swafiya.

Jeilani alimgeukia, ameumia waziwazi.

"Unanitazama nini? Uliisoma Fatiha yangu na mtu mwingine. Nikikusamehe, nitakusamehe nikipenda. Rudisha feda mahali pake. Kesho asubuhi nataka kuikuta inapanda na kushuka bila kwaruzo, na ukiikuta miksa yangu tena ina udi, mwambie shangazi yangu mwenyewe, usinifokee mimi." Alipangusa macho kwa ncha ya mtandio. Alichukia kwamba Jeilani ameyaona machozi, na alichukia zaidi kwamba hata sasa alitamani kuvishika vile vidole vyenye madoa ya gundi nyeusi.

Bwana Shuaib alikuwa amekwisha kuanza kutembea. Hakushika njia ya nyumbani.

"Baba, waenda wapi?"

"Kwa kina Abubakr. Neno halirudishwi kwa simu."

"Nakuja nawe."

"Rudi nyumbani, Swafiya."

"Nakuja nawe."

Mzee hakubishana. Walipita Langoni, wakakata kuingia Mkomani kwa upande wa pili, babake mbele, yeye nyuma hatua mbili, na kila baraza waliyoipita ilinyamaza. Jua lilikuwa limepanda. Goti la mzee lilikuwa linamsumbua. Alisimama mara mbili akijifanya anarekebisha kofia. Swafiya alimtazama kisogo na hasira zikawa zinampigania na huruma ndani ya kifua kimoja. Mtu huyu aliwahi kumsuka nywele mwenyewe, vibaya, mwaka mzima, mama alipofariki. Mtu huyu pia alimtoa kwa dakika moja akiwa amesimama nyuma yake. Yote mawili yalikuwa ni yeye.

Mlango wa kina Abubakr ulifunguliwa kabla hawajapiga hodi. Bi Hadia, mama mwenyewe, alikuwa amewaona kutoka dirishani akaelewa alivyotaka kuelewa. Kigelegele chake kilitoka kwanza, kikaitikiwa na wanawake wawili watatu huko ndani, na harufu ya halua inayopikwa ikawapokea.

"Karibu mkwe wangu! Karibu mwanangu! Mmekuja wenyewe, mashallah!" Alikuwa na kikuba cha asumini mkononi, maua bado yana umande. Hakungoja. Alimvuta Swafiya akakibandika kifuani mwake kwa pini, akambusu kipaji. "Nimekisokota tangu alfajiri. Nilikuwa nakuletea mimi."

Swafiya aliyatazama yale maua kifuani mwake. Kumkataa mtu asiyekuwepo lilikuwa jambo rahisi. Alifungua kinywa. Alijua ni zamu yake kusema, kwani ni yeye aliyelitaka hili, na akavuta pumzi.

Bwana Shuaib alinyanyua mkono, akamzuia.

"Bi Hadia," alisema, "tuliza vigelegele. Nina neno."

"Liseme ndani, Bwana Shuaib, kwenye kahawa."

"Siwezi kunywa kahawa yako leo. Neno nililolitoa msikitini nimekuja kulirudisha. Kosa ni langu, si la mwanangu, na si la mwanao. Nalimwuliza nikiwa nimemsimamia nyuma, nimetazama ukuta, kwa sababu ya haya zangu mimi. Hakunisikia. Nami sikungoja kuhakikisha. Nilitaka anyamaze, nikakuta kimya, nikakichukua nikakimbia nacho." Sauti ilimkwama, akaikohoa. "Hakuridhia. Sijawahi kumwoza mtu mtoto asiyeridhia, na sitaanza uzeeni."

Ndani ya nyumba vigelegele vilikatika. Bi Hadia alimtazama mzee, kisha akamtazama Swafiya kwa muda mrefu, na uso wake ukabadilika polepole.

"Umetuaibisha, Shuaib. Mji mzima umesikia."

"Nimewaaibisha. Nitasimama msikitini leo Magharibi niseme vile vile nilivyosema hapa."

Bi Hadia alisogea, akachomoa pini, akakitoa kikuba kifuani mwa Swafiya, kwa vidole vya taratibu asije akamchoma. Kisha akaingia ndani akaufunga mlango. Hakuubamiza.

Bwana Shuaib alibaki amesimama pale mbele ya mlango wa watu, kofia imekaa upande, kama mtu aliyesahau alikuwa akielekea wapi. Vichwa vilikuwa vimechungulia kwenye madirisha ya pande zote mbili. Swafiya alimsogelea akamshika mkono mbele za watu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu utotoni, na mzee hakuutoa.